Mkato Ulioishia Katikati ya Mlango wa Peugeot

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Amin Hamisi Mwendwa
Umri: miaka 53
Kazi: fundi wa bodi za magari
Makazi: Kitui mjini
Tarehe: 17 Juni 2025, saa tatu na nusu asubuhi

Afande Nthenya, kwanza nakusalimu na nauliza kifua kinaendeleaje, maana tangu nikae hapa unakohoa. Mungu akuondolee. Umeniambia niseme nilichoona kwa macho na kusikia kwa masikio yangu, nami nitajaribu. Shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo nikipotoka unirudishe.

Mimi hufanya kazi katika gereji ya Kimeu hapa Kwa Vonza. Tangu Februari tunafufua Peugeot 404 ya mwaka 1966 ya mteja anaitwa Ndungu, mfanyabiashara wa Mtito Andei. Ilikuwa bodi tupu, haina injini, viti wala vioo. Milango yake ni ile ya kiwandani, na mimi ndiye niliipanga mpaka nafasi ikawa sawa juu na chini. Marehemu Musyimi alikuwa fundi wa kuchomelea. Kabla ya kuja kwetu alikuwa Mtito Andei akitengeneza trela za malori.

Mnamo Alhamisi tarehe 12 tulikuwa tunajiandaa kukata sakafu iliyoliwa na kutu. Ukikata sakafu kabla ya kukaza bodi, bodi inajikunja na milango haitafunga tena. Kwa hivyo tulishika milango yote kwa vidoa vya kuchomelea, yaani nukta ndogo za chuma kilichoyeyushwa, tukaweka vyuma vya skwea kukingama madirisha na nafasi ya kioo cha nyuma. Nafasi ya kioo cha mbele ilibaki wazi, chuma chake kilikuwa bado. Sakafuni kulikuwa na lami ya zamani na ile blanketi ya kuzuia kelele. Vijana wa rangi walikuwa wameimwagia thina, ile ya kuyeyushia rangi, ilainike.

Karibu saa saba Musyimi alikuwa anachomelea fenda. Mkono wake ulizoea chuma kizito cha trela. Moto ulikaa sana mahali pamoja, fenda ikatoboka tundu. Kimeu akaja, akatia kidole kwenye hilo tundu akakizungusha.

"Mzee wa trela, umetufungulia dirisha," akasema. Vijana wakacheka. "Ingia ndani. Leo ni zamu yako."

Hapo nieleze. Pale gereji kuna desturi. Fundi akiharibu bati anaingizwa ndani ya bodi, na wengine wanagonga paa na milango mpaka aombe msamaha. Wanaita kubatizwa. Mimi ni Mwislamu, lakini hilo jina silipendi, ni la ibada ya watu, na nilishawaambia. Wanagonga kwa mpini wa nyundo peke yake, kwa sababu Kimeu hataki bati lipate bonde.

Musyimi aliingia kwa ile nafasi ya mbele akitabasamu kama mtu anayetaka jambo liishe. Mimi nilikwenda nyuma ya stoo kuswali adhuhuri. Nilisikia wakigonga. Nikasikia Musyimi anasema, "Basi, wazee, nimekosa." Halafu nikasikia mashine ya kuchomelea inalia. Nilikuwa rakaa ya tatu. Niliimaliza swala yangu.

Niliporudi, chuma cha mbele kilikuwa kimewekwa. Kimeu ndiye aliyekuwa ameshika koleo la kuchomelea, ngao ya uso ameisukuma juu ya kichwa. Alikuwa anamwambia Musyimi, "Utatoka siku gari litatembea."

Chini ya kile chuma kulikuwa na moshi. Cheche zilikuwa zimeangukia blanketi yenye thina, na moto ukawaka mara moja. Musyimi alirudi nyuma mpaka mwisho. Akaanza kuita, "Mwaitu, mwaitu," yaani mama kwa Kikamba. Vijana wawili walikuwa bado wanacheka, kwa sababu wanaobatizwa huita hivyo. Mmoja alimwitikia kwa sauti ya kike, "Niko hapa, mwanangu, uji unaiva."

Nilichukua grinda nikaanza kukata vidoa vya mlango wa nyuma wa kushoto. Nilikata cha juu. Nikakata cha kati. Diski ilikuwa imefika nusu ya kile cha chini, grinda ikanyamaza. Nilidhani stima imepotea. Kugeuka, Kimeu amesimama kwenye soketi, plagi iko mkononi mwake.

"Amin, huo mlango ni orijino. Tumia patasi."

Nilimwambia, "Kuna mtu ndani."

Akasema, "Namwona. Patasi iko hapo."

Nilitumia patasi. Mkono wa Musyimi ulitoka kati ya vyuma ukanishika kola. Ulishika sana, halafu ukaachia. Mlango ulifunguka baada ya hapo.

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya muuza mchanga. Alifariki Jumamosi alfajiri. Mke wake, Wavinya, aliniuliza nje ya wodi kama mume wake aliita mtu. Nilimwambia hapana, moshi ulimpoteza fahamu tu. Mungu anisamehe. Kwako siwezi kusema hivyo. Aliita, na aliitikiwa vile nilivyokueleza.

Jana Jumatatu Kimeu alitukusanya. Alisema Musyimi alijifungia ndani mwenyewe akichomelea, na sote tuseme hivyo. Kisha Ndungu alipiga simu, na Kimeu akaiweka sauti juu tusikie. Jina la marehemu hakuuliza. Aliuliza, "Paa limejikunja?"

Kimeu akamjibu, "Paa liko sawa. Ni mlango mmoja tu, Amin aliukata." Akanigeukia. "Wewe ulikata, wewe utaziba."

Sijaziba. Afande, kwenye ukingo wa ule mlango kuna mikato miwili iliyopita kabisa. Wa tatu umeishia katikati ya kidoa, na kutoka hapo ni alama za patasi. Hakuna fundi anayeacha grinda katikati na mtu anaungua, isipokuwa ameondolewa stima. Musyimi hawezi kusema, na vijana wana hofu. Kimeu ameita fundi mwingine kutoka mji wa Wote, anaingia leo mchana. Pati ya kuzibia bati ikishapakwa na kupigwa msasa, litabaki neno langu na neno la Kimeu.

Hayo ndiyo niliyo nayo, na nitayajibu mbele ya Mungu. Nakuomba unijibu upesi kama mnakwenda kuuona huo mlango. Nitakaa hapo kwenye benchi ningoje.

Sahihi ya shahidi: A. H. Mwendwa

Maelezo haya nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi, akakubali ni yake na kutia sahihi mbele yangu saa tano kasorobo. Gari la kituo limetoka, nimeomba jingine.
Konstebo Nthenya

Saa tisa alasiri: gari halijapatikana. Shahidi bado yuko kwenye benchi.