Nafasi ya Gambuti Zangu

Jumanne, Novemba 2003

Na bado nilienda. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi Mama akanimiminia chai kikombe kikubwa. "Leo najua utarudi kulala," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ushonaji niliuacha wiki ya tatu, Kifaransa vilevile, na sasa hii kozi ya kompyuta ya Kajiado imefika wiki ya tatu.

Nilivaa gambuti, viatu nikavitia kwenye mfuko, nikakanyaga ule udongo mweusi hadi lami. Njia nzima nilitafuta sababu ya kugeuka.

Mama Mutuku wa kioski cha hapo barabarani hutuwekea gambuti chini ya benchi mpaka jioni, sisi tunaobadilisha viatu na kupanda matatu. Leo palijaa, isipokuwa pengo moja pembeni. Mwanamume mmoja aliinama kuweka zake.

"Hapo wacha," Mama Mutuku akamwambia. "Ni pa msichana wa kompyuta." Kisha akaniona. "Na wewe, leo umechelewa."

Wiki ya nne naiogopa, sitajidanganya. Lakini Kitengela hii kuna mtu mmoja asiyejua kwamba mimi huacha mambo katikati, na sitaki ajue.