Mdudu Mmoja Kila Fungu

Jumatatu, 3 Februari

Ndiyo mama, haijawekwa dawa. Nimejibu hivyo tangu asubuhi mpaka mdomo umekauka. Niko geti la estate hapa Kitengela. Wamama wanakuja na magari kubwa na nyumba ni ile pale, ukitupa jiwe inafika. Wanataka sukuma wiki ifungwe na gazeti, si plastiki, eti wanalinda mazingira. Gari inanguruma wakichagua. Mimi nacheka na meno yote.

Leo sikudanganya. Shamba yangu kando ya mto haijaona dawa ya wadudu.

Mteja namba moja ni Mwalimu Nduta. Alikuwa anafundisha sayansi, amestaafu. Mwaka jana alipasuliwa, akawekwa zile dawa za kansa mpaka nywele ikaisha. Sasa kila asubuhi anasaga sukuma mbichi, anakunywa glasi nzima. Hapiki. Daktari alimwambia ale kitu safi. Yeye ndiye alifundisha wenzake: jani likiwa na shimo, mdudu alikula na hakufa. Bila shimo, rudisha. Siku hizi nauza mashimo.

Alhamisi, 6 Februari

Wadudu wamemaliza. Imebaki mifupa ya majani. Hata shimo inataka jani ya kukaa.

Nimeenda agrovet, duka ya dawa za shamba. Chupa imeandikwa ngoja siku kumi na nne ndio uvune. Niliacha shule darasa la sita, lakini kumi na nne naijua. Nikanyunyiza.

Jumamosi, 22 Februari

Sukuma imetoka pana kama sikio ya ndovu. Sasa nanyunyiza kila Alhamisi, navuna Jumamosi. Kumi na nne ni ya watu wenye mshahara.

Shida: hakuna shimo. Wamama wakageuza, wakageuza, wakarudisha. Nimerudi na mzigo wote. Kitu nzuri imekataliwa kwa sababu ni nzuri.

Nikapitia kwa Lemayian, anashona viatu za shanga kwa stage ya matatu. Ako na kale kachuma ka kutoboa ngozi. Nikaazima. Akauliza naenda kutoboa nini. Nikamwambia akili za watu.

Jumatatu, 24 Februari

Jana nilitoboa majani mpaka usiku. Leo imeisha yote kufika saa nne. Mwalimu akashika jani, akavaa miwani.

"Kijana, hawa wadudu wako wanatumia kompasi?"

"Ni wa Kitengela, Mwalimu. Wamesoma."

Akacheka mpaka akajishika pale walimpasua. Akabeba mafungu tatu. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Huyu mama atanishika.

Jumamosi, 1 Machi

Nimerudisha kachuma. Jirani yangu wa shamba, Mama Sein, hanyunyizi kitu. Sukuma yake ni ya mbuzi. Iko na wadudu wa kijani, wanono. Nimeokota mkebe mzima, yeye akashukuru. Majani nachanachana na kucha. Nikifika getini naweka mdudu mmoja kila fungu, akiwa bado anatembea.

Wamama wanapiga nduru, wanapiga picha, wanatuma kwa grupu yao ya simu. Mmoja amempa mdudu jina. Wakifika nyumbani wanamtupa kwa maua. Nimepandisha bei, hakuna aliuliza. Watu wa digrii wanaamini mdudu wangu kuliko macho yao. Nawadharau. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu hakuja. Amekuja dada wa kazi. Anasema Mwalimu anatapika, tumbo inakata, jasho, mikono inatetemeka.

Nikasema ni zile dawa za hospitali. Nilisema haraka sana. Nikampa fungu moja ya bure, ya kumsaidia apone.

Jumatatu, 10 Machi

Binti ya Mwalimu amepiga simu. Mama yake amekataa chakula, anataka tu ile juisi yake. Nilete mpaka nyumbani.

Ningekata kwa Mama Sein. Ni hatua ishirini. Nilisimama pale nikaangalia yake: manjano, imejikunja, imeliwa. Nikaona aibu kupelekea mgonjwa kitu mbaya hivyo. Nikakata yangu. Nikachagua wadudu wanono. Nikafunga huko huko shambani. Njiani pikipiki ikapata pancha, saa nzima.

Binti alikuwa jikoni anaosha blenda. Mwalimu akafungua gazeti mwenyewe, juu ya blanketi. Mdudu hakutembea. Akamgusa na kidole. Akafungua fungu ya pili. Ya tatu. Wote wamejikunja, wamekuwa weusi. Akawapanga laini moja kama anataka kufundisha.

"Ulinyunyiza lini?"

"Alhamisi."

"Na zile zingine zote?"

"Kila Alhamisi, Mwalimu."

Nikangoja matusi. Haikuja. Aliomba jina ya dawa, ya kupatia daktari. Mkono wake ulikuwa unaruka, kalamu ikaanguka, nikaandika mimi. Halafu akasema niandike pia majina ya wale wengine wote nawauzia, waambiwe leo.

Nikasema naenda kuangalia pikipiki. Sikurudi.

Jumanne, 11 Machi

Amelazwa. Askari wa geti ndiye ameniambia. Grupu bado haijajua.

Nimebeba mzigo mpaka Nkoroi, geti ingine. Mama mmoja akauliza kama iko na dawa. Nikasema hapana. Nikamwekea mdudu. Imeisha kabla ya saa sita.

Mimi ni mtu mbaya. Niliandika hiyo, nikaangalia, nikala chapati mbili.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Shamba imelala.

Mwalimu amerudi kwake. Nilipita na pikipiki, nikamwona nje kwa kiti. Amebaki shingo na macho. Anakunywa uji na kijiko, polepole. Aliniona. Hakuniita. Sikusimama.

Nimepima na kamba laini moja ya kupanda sukuma upya, upande wa Mama Sein. Hiyo sitanyunyiza. Zingine nitanyunyiza, watoto wangu wanakula.

Hii daftari nitaiangusha getini. Wewe mwenye umeiokota, tufanye hivi. Hiyo laini itatoka mbaya, nusu imeliwa. Utanunua kwa bei ya zile nzuri. Hutageuza jani, hutarudisha hata moja, msimu mzima, hata wiki yenye hakuna jani ya kuvuna. Ukivumilia, nitaongeza laini ya pili. Fungu ya kwanza utampelekea Mwalimu Nduta, na usimwambie nani amelima. Mimi nalima, wewe unabeba. Faida tugawane nusu, kama itakuwa.