Chumba cha Riziki Mjini Bologna

Jumapili, kabla ya magharibi. Joto la leo halina adabu. Umeme umekatika tangu adhuhuri, feni imenyamaza, nami nimekaa mlangoni na simu yenye chaji kidogo nikiandika kwa hasira. Nimerudi sasa hivi kutoka Tiwi kwa mama. Sikuaga vizuri.

Nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho nitatukana.

Mdogo wangu Riziki anapanda ndege Alhamisi. Anakwenda Italia, mji wa Bologna, kumwona Sandro na jamaa zake kabla hajakubali kuolewa. Sandro ni yule fundi wa majokofu ya mikahawa anayekuja Diani kila mwaka, mpole, mwenye kipara, anayesema "asante sana" hata akipitishiwa chumvi. Ameahidi kusilimu. Hapa pwani nimewaona wangapi walioahidi kusilimu, na wakishafika kwao wanasahau hata jina la msikiti. Lakini Riziki anampenda, na Riziki ni mtu mzima, anafanya kazi yake ya kuhudumia meza ufukweni na haombi mtu kitu.

Akifika Bologna atafikia hotelini. Hilo neno nitalirudia, maana ndilo lililoniharibia Jumapili yangu.

Tangu habari itoke, Ukunda nzima imekuwa Italia. Kila mtu ana ushauri wa hoteli. Kuna muuza simu mmoja pale Kona ya Musa ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni feri ya Likoni, naye amemshika Riziki mkono akamweleza jinsi Wazungu wanavyofungua milango kwa kadi. Kwa kadi! Riziki anafanya kazi Diani, kadi anaziona kila siku zikiangushwa mchangani. Lakini alisimama akamsikiliza kwa heshima, maana ana moyo ambao mimi sina.

Halafu kuna Caro. Caro yuko mapokezi hotelini kwetu, mimi nikiwa msimamizi wa usafi wa vyumba. Ametoka Nakuru, amekaa pwani miaka, na bado anaongea kana kwamba basi limemshusha jana.

"Manze, mwambie sistako abebe unga na kasufuria," aliniambia juzi. "Hao wasee wanakula tambi asubuhi mpaka jioni. Na pasipoti asiwape, watamfungia huko."

Unga. Yaani mtu avuke mabara mawili akasonge ugali juu ya zulia la watu. Mimi ndiye ninayeingia vyumbani wakishaondoka watu wa aina hiyo. Nimekuta samaki amekaangwa juu ya pasi. Nimetoa mayai ya kuchemsha ndani ya birika la umeme, matatu, moja limepasuka, na mwenye mayai ni mama mmoja aliyekuwa akinikaripia kwamba shuka hazikunyooka. Tangu siku hiyo sinywi chai ya birika la hoteli yoyote duniani, na ninaowapenda nawaambia hivyo hivyo.

Mimi Italia nimefika. Sijigambi, nasema tu. Zamani meneja wetu mmoja alinipeleka Rimini wiki mbili kujifunza kazi katika hoteli ya rafiki yake. Kwa hiyo nikiona watu ambao hawajafika hata Taveta wakimfundisha mdogo wangu, damu inanichemka.

Pasipoti atawapa. Kila hoteli kule inaiomba, wanaandika jina lako wapeleke polisi, ni sheria yao, kisha wanakurudishia. Ukiikumbatia pale mbele ya watu unaonekana umeiiba. Na siku ya kuondoka wataomba kodi ya mji, hata kama chumba umeshakilipia. Asianze kupiga kelele kwamba ameibiwa. Nimewaona wageni wetu wenyewe wakipiga kelele hizo hapa Diani, wekundu, mishipa ya shingo imesimama, kwa kitu kilichoandikwa wazi walipokuwa wakilipa.

Bafuni ataona kamba nyembamba inaning'inia karibu na maji. Asiivute. Si ya taa wala si ya kuanikia nguo. Ni ya kuita msaada mtu akianguka, na ukiivuta watakuja mbio wakukute na povu kichwani. Usiniulize nimejuaje.

Kando ya choo atakuta beseni la chini lenye bomba lake. Hapo, mdogo wangu, shukuru. Waitaliano ndio Wazungu pekee niliowaona wenye akili ya maji. Wale wengine wote ninaowasafishia wanajipangusa karatasi wakatoka kifua mbele wakituita sisi wachafu. Mwitaliano umlaumu kwa mengine yote, kwa hili mwache.

Birika chumbani asitarajie. Chai ya maziwa asiiulize, watamtazama kama anaomba uji wa mgonjwa. Asubuhi ni mkate mtamu na kahawa ya kijiko kimoja, na pembeni sinia la nyama za waridi zilizokatwa nyembamba. Bologna hiyo ni mji wa nguruwe, wanajivunia. Chochote cha waridi akipite, hata mhudumu akiapa kwamba ni kuku.

Na kitanda asikitandike. Hili lilinipata mimi. Kule Rimini kila asubuhi nilikuwa nikiamka, mkono unakwenda wenyewe: shuka nanyoosha, pembe nakunja, mto napiga kofi, taulo nakunja, beseni napangusa mpaka linang'aa. Sikujua kulala mahali bila kupaacha hivyo. Yule mwanamke wa vyumba akifungua anaona kitanda hakijaguswa. Siku ya tatu meneja akaniita, uso umemkunjamana, akaniuliza mimi hulala wapi usiku. Walidhani nina bwana mjini. Mimi! Nilitaka kulia na kucheka, na Kiitaliano changu kilikuwa "buonjorno" tu.

Haya yote nilikuwa nimempangia Riziki kichwani, kwa raha kabisa. Lakini yote ni upuuzi, kwa sababu swali lenyewe hakuna aliyeliuliza.

Kwa nini hoteli?

Kwetu mgeni hapelekwi kulala nje. Hata mgeni usiyempenda. Watoto wanatandikiwa mkeka, mgeni anapewa kitanda, na wewe mwenye nyumba unalala pa kulala. Na akiwa ni msichana anayekuja kuonana na jamaa za mchumba, analazwa na shangazi au dada wa mume, chini ya macho ya watu, ili kila mtu ajue kwamba amekuja kwa heri. Sandro ana mama. Mama ana nyumba ya ghorofa, nimeiona kwenye picha, madirisha ya kijani, maua. Sasa mwanamume mwenye nyumba ya namna hiyo anamwekaje mchumba wake hotelini?

Mimi nilikuwa na jibu. Wanaume wanaoweka wanawake hotelini nawajua. Vitanda vyao nimevitandua. Pete inawekwa kwenye droo, simu inapokelewa kwenye roshani, na mke yuko nyumbani anakunja nguo za watoto. Kipara na "asante sana" havinidanganyi mimi.

Mama yeye alifurahi. "Afadhali hoteli," alisema tangu mwanzo. "Mwanamwali halali nyumba ya mchumba kabla ya nikahi." Akaishia hapo, roho imetulia. Mama akishaona sitara ya nje haulizi ya ndani.

Basi leo mama alitualika Tiwi, wali wa nazi na samaki wa kupaka, kumwombea Riziki safari njema. Shangazi zetu wamejaa ukumbini, kila mmoja na lake. Mmoja anataka abebe kanga za kugawa. Mwingine anamwambia asicheke mbele ya wakwe. Mwingine, wallahi, anamwuliza kama hotelini kuna kuku wa kuwika alfajiri ili asipitwe na sala. Riziki anatabasamu, anaitikia, "Ndiyo shangazi, nimesikia shangazi." Na mimi nikiwatazama hivi na wali wao mdomoni, nikaona nitapasuka.

Nikasema. Mbele ya wote.

"Mwanamume anayekutaka kweli hakupeleki hotelini," nikamwambia. "Muulize nyumbani kwake kuna nani."

Mama akaniita jina langu kamili, Mejumaa, jambo ambalo hulifanya kwenye misiba tu. Riziki akaweka sahani chini, akanawa mkono polepole, akaukausha. Nilidhani atalia. Nilikuwa tayari kumbembeleza, kumwambia bora ajue sasa kuliko kujulia kule.

"Dada," akasema, "Sandro alitaka nifikie kwa mama yake. Mama yake ameshanitandikia chumba. Hoteli nimeitaka mimi. Nimeitafuta mimi, na nimeilipa mimi."

Nikamwuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Kwa sababu nikiona sipapendi, nataka niwe na pa kwenda nikafunge mlango. Kama ana mke, nitamjua huko huko, na nitakuwa na pa kulala. Asubuhi nirudi zangu kwetu."

Shangazi mmoja akaanza kusema jambo la adabu. Riziki hakumgeukia. Alikuwa akinitazama mimi, bila ukali, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nilikuwa nikija kulala kwako Msambweni nikiwa mdogo, dada. Unakumbuka? Ulikuwa ukilia umegeukia ukutani. Mlango hapakuwa, palikuwa na pazia. Mama mkwe anapita, mashemeji wanapita. Nilijiambia mimi sitafikia nyumba ya mtu kabla sijawa na mlango."

Niliondoka. Nilisema kichwa kinaniuma, nikavaa ndara, nikatoka uani na mkono wa wali sijanawa vizuri. Nimefika hapa Ukunda nikiwa bado nanuka samaki.

Sikujua kwamba alikuwa macho. Huo ndio ukweli. Nilidhani mtoto amelala. Niliolewa Msambweni nikaingizwa chumba cha katikati, njia ya kwendea jikoni, na kwa miaka yote ile sikuwahi kubadilisha nguo bila kushika pazia kwa mkono mmoja. Nilipomwambia mume wangu aweke mlango, alicheka akauliza namficha nani. Mama mkwe naye alisikia, akacheka vilevile. Siku nilipoondoka sikuwa na cha kufunga nyuma yangu. Watu walidhani nimeyasahau hayo. Na mimi nilipenda wadhani hivyo.

Nimeumia. Nimeona haya pia, na, Mungu anisamehe, nimeona wivu. Nimeshinda kutwa nikimdharau muuza simu, nikamdharau Caro na unga wake, nikawadharau shangazi na kuku wao wa alfajiri, na Sandro na kipara chake. Lakini wao walikuwa wakimpa mtoto wa watu ushauri wa upendo, wa kijinga lakini wa upendo. Mimi nilimpa ushauri wa mtu aliyekaa nyuma ya pazia. Nilidhani kupelekwa hotelini ni kutupwa. Yeye hoteli ameichagua mwenyewe.

Sandro bado simpendi. Siwezi kubadilika kwa Jumapili moja. Na nyama za waridi msimamo wangu ni ule ule.

Kesho nikitoka kazini nitampitia kwake. Sitamwomba msamaha kwa maneno mengi, maana tutalia wote wawili na yeye ana mizigo ya kupanga. Nitamwambia jambo moja tu, ambalo muuza simu halijui na Caro hajali. Ule ufunguo atakaopewa pale mapokezi si wake peke yake. Mimi nina ufunguo mmoja kiunoni unaofungua kila chumba cha hoteli yetu, na wenzangu wa Bologna wanao vilevile. Tunagonga mara moja, tunaingia. Nimeshawaingilia watu wakisali, wakigombana, wakilia wamegeukia ukutani, nikasema samahani nikaacha taulo.

Kwa hiyo kila akiingia afunge komeo la ndani. Nitamwonyesha kwa mkono linavyozungushwa. Hilo likishafungwa, hata sisi wenye funguo za vyumba vyote tunabaki nje, tunagonga, tunasubiri mwenyewe aseme karibu.