Kikwembe Juu ya Benchi

Mwene-Ditu, 20 Juni 1993

Mama mdogo Mbuyu,

Nakusalimu, nawasalimu wote wanaolala chini ya paa lako. Mgongo unakuachia usingizi siku hizi? Sisi tumefika na tunapumua, ila Tata anaugua. Baba yangu anakaa ameegemea ukuta, akitazama viatu vyake. Hapa hatumjui mtu. Mimi nimezaliwa Kolwezi. Naambiwa hapa ndipo kwetu.

Mama yuko kwako? Niambie kwamba yuko kwako. Siku ile, baada ya majuma yote tuliyolala nje ya stesheni tangu tufukuzwe kwa kuwa watu wa Kasai, tulikuwa tumekwisha kupanda. Mwanamke wa kibanda cha jirani akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mama akatandika kikwembe chake cha bluu cha kujifunga mahali pake ndani ya behewa, akaniambia, "Mushiya, shika nafasi yangu. Mi narudia sasa hivi." Treni ikaondoka bila hata kupiga honi. Mpaka stesheni ya Tenke nilikuwa ninagombana na watu: "Hapa pana mtu!" Baadaye wakanisukuma tu, nikakikunja kikwembe.

Mwambie afuate treni inayokuja. Sanduku lake tunalo, na karata yake ya ubatizo, kile cheti cha kanisa, imo ndani.

Binti yako,
Mushiya


Kolwezi, 29 Agosti 1993

Binti yangu Mushiya,

Amani kwako na kwa Tata yako Mulumba. Mungu amrudishie nguvu. Mimi nasimama, mgongo unalalamika.

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Mama yako Kabedi ametutoka. Alikuwa kwangu, kitandani kwangu. Ugonjwa wa stesheni, ule wa kuhara, ulimkamata baada ya yule mwanamke kujifungua salama. Alikufa rozari ikiwa mkononi, naye akikutaja. Tulimzika kwa sala, na kaburi lipo.

Usiniulize mengi sasa. Barua zinafunguliwa njiani.

Mama yako mdogo,
Mbuyu


Mwene-Ditu, 3 Julai 2006

Mama mdogo Mbuyu,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Vita vilikata njia, na mimi pia nilikuwa na hasira, sitakuficha. U mzima? Macho bado yanasoma? Barua hii anaileta Tata Kalonji, mchuuzi wa nguo, mkaribishe maji.

Tata amefariki mwezi wa tatu. Wazee wa ukoo wanasema hawezi kulala peke yake. Wanataka udongo wa kaburi la Mama uwekwe pembeni yake. Kwa hiyo niliiandikia parokia. Wamenijibu kwamba mwaka ule hawakumzika Kabedi yeyote.

Miaka yote hii nimemkasirikia mama aliyetuacha behewani kwa ajili ya mgeni. Sasa hata kaburi la kulikasirikia sina? Mlimtupa wapi? Naomba ukweli, hata ukiwa mchungu.

Mushiya


Kolwezi, 10 Septemba 2006

Binti yangu,

Nakusalimu nikiwa kitandani. Pole kwa Tata Mulumba. Alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Macho yangu yanasoma bado. Moyo ndio unaochoka, na daktari haniambii tena nirudi lini. Mjukuu wangu Shekina ananishikia karatasi.

Hatukumtupa. Mama yako amelala makaburini, safu ya ukutani, chini ya msalaba wenye jina la Mbuyu. Jina langu.

Alipokata roho, nilimwosha mwenyewe. Parokia ilidai karata ya ubatizo kabla ya kumzika mtu, na ya kwake ilikuwa imeondoka na treni, ndani ya sanduku lenu. Padri alikuwa mgeni, hakumjua. Na njiani kwenda makaburini walisimama vijana wa chama, wale waliowafukuza ninyi. Wengine niliwafundisha kusoma mimi. Walikuwa wamekwisha kurudisha jeneza la mzee mmoja: "Ba Kasai baende kwabo, hata bafu babo!" Hata wafu walifukuzwa. Mimi si wa Kasai, udada wangu na mama yako ni wa kanisani tu, nikatoa karata yangu. Polycarpe, katekista wetu, aliitazama, akanitazama mimi niliyesimama mbele yake mzima.

"Mwalimu, hii ni ya nani?"

"Ya marehemu."

Aliliandika jina langu kitabuni. Kisha akasema, "Basi, mwalimu, ujifunike uso vizuri. Wafu hawatembei nyuma ya jeneza lao." Njiani kijana mmoja akauliza nani amekufa. Polycarpe akajibu, "Mwalimu Mbuyu." Yule kijana akavua kofia. Nilimtambua, nilikuwa nimemchapa kwa uvivu wa hesabu.

Hivyo mimi nimekufa tangu mwaka ule. Nikahamia parokia nyingine, lakini kila Siku ya Marehemu nilirudi ile ya zamani, nikakaa nyuma kabisa. Wanasoma majina, wanafika "Mbuyu", watu wote wanaitikia, "Apumzike kwa amani," nami naitikia pamoja nao. Shekina anacheka ninapomsimulia. Mimi sicheki tena. Mama yako, ambaye hakuacha kumwombea mfu hata mmoja, hajaombewa kwa jina lake hata mara moja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mbona nilinyamaza? Kwanza niliogopa kwamba wangemfukua. Kisha Polycarpe alikuwa hai, na wangemfukuza kazi. Alipokufa, ulimi wangu ulikuwa umezoea kulala. Naungama kwako kabla ya padri, kwa sababu wewe ndiwe uliyenyang'anywa.

Na usimkasirikie tena. Humjui kama nilivyomjua. Maharagwe yake aliyapima kwa sala: makumi matano ya rozari, yameiva. Akisumbuliwa katikati, alianza upya, ndiyo maana mlikula maharagwe laini kama uji. Kila Jumapili alitandika kikwembe kwenye benchi ya pili, upande wa kushoto, anishikie nafasi, kwa sababu nilichelewa nikisahihisha madaftari. "Mwalimu," alininong'oneza, "leo Mungu naye amekutia sifuri." Kama mtu aliyesimama hana pa kukaa, aliinuka yeye. Siku ile stesheni aliinuka tu kama kawaida yake. Kitandani kwangu aliuliza, "Mushiya amekaa dirishani? Alipenda dirisha." Hakuuliza jambo jingine la dunia.

Udongo sitakutumia. Njoo uuchukue kwa mkono wako. Uje na karata yake ya ubatizo. Uwaambie waandike Kabedi pale, na walisome jina lake tarehe mbili Novemba. Mimi unilaze ubavuni mwake, hata bila msalaba. Nimekwisha kuombewa kuliko haki yangu, tena nikiwa ninakula bukari na sombe.

Usikawie, binti. Nimechelewa kwake kila Jumapili. Mara hii sidhani.

Mama yako mdogo,
Mbuyu


Kolwezi, 2 Novemba 2006

Mama mdogo,

Nakusalimu, ingawa sijui afya inaulizwaje kwa mtu aliye mahali ulipo. Lori lilikwama kwenye matope, na nilipofika Shekina alinipokea akiwa amevaa nguo nyeusi. Karatasi hii nitaikunja niitie chini ya jiwe, kati yenu wawili.

Hasira yangu niliiacha njiani, sijui ni wapi. Udongo nimeuchukua. Msalaba hatukuung'oa, Shekina alikataa, nami nikakataa pamoja naye. Fundi ameongeza jina la Kabedi juu, na la kwako limebaki chini, pale pale lilipokaa miaka yote.

Asubuhi hii nilikwenda kanisani na kile kikwembe cha bluu. Sikukifua sana, kimebaki na harufu ya sanduku. Nilikitandika kwenye benchi ya pili, upande wa kushoto. Bibi mmoja akataka kukaa, nikamwambia, "Samahani, hapa pana watu." Akabana midomo.

Padri akasoma: "Kabedi." Niliitikia kwa sauti kubwa hata watu wakageuka. Kisha akasoma: "Mbuyu."

Yule bibi akaniinamia. "Huyu si tunamuombea kila mwaka?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Lakini sasa ni kweli."

Alinitazama, akakitazama kikwembe, akasogea pembeni.

Binti yenu,
Mushiya