Kosa la Kiti cha Nyuma

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Hujambo huko? Wifi yangu je, goti limepoa? Na yule kitinda mimba wenu, bado anagoma kwenda shule bila mto wake? Sisi tu wazima wa mwili. Presha ya shemeji yako imeshuka kidogo, ila macho ndiyo basi tena. Siku hizi ananijua kwa hatua. Mimi nakula, nafua, nalala. Sina zaidi ya hayo.

Barua zako tatu nimezipata zote. Usidhani nilizipuuza. Kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito, naiweka chini, nakwenda kufagia pasipo na taka.

Unauliza rufaa imefikia wapi, na unasema huelewi vipi mtu asiyeendesha ndege alaumiwe kwa kifo chake mwenyewe. Hata mimi sikuelewa. Ndege ile ya kivita ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Wa mbele ni rubani. Wa nyuma, ambaye ndiye mpwa wako, alikuwa wa rada, redio na silaha, na wa kumwambia mwenzake kilicho mbele kabla macho hayajakiona. Unakumbuka alivyokuwa akikaa kwenye keria ya baiskeli ya baba yake, akichungulia kwapani, "Shimo, baba, kushoto"? Mwenyewe aliniambia kazi ni ile ile, mwendo tu ndio umezidi. Fundi cherehani wetu alimtania siku moja, "Kumbe bwana mkubwa wewe ni kondakta!" Akamjibu, "Ndiyo, ila abiria wangu ni mmoja, na hashuki njiani." Tulicheka mpaka shemeji yako akapaliwa na chai.

Sasa kuhusu ile swichi iliyoandikwa kwenye ripoti. Kila mmoja ana mpini wa kujirusha nje na kiti chake. Wa mbele akivuta wake, wanatoka wote wawili, wa nyuma kwanza, asije akaunguzwa na moto wa kiti cha mwenzake. Lakini mpini wa nyuma una swichi karibu na goti. Ikielekezwa juu, wa nyuma akivuta wanatoka wote. Ikielekezwa chini, anatoka peke yake. Huwekwa chini siku wakipakia mgeni, asije akashtuka na kumtupa rubani nje bure. Siku moja kabla ya ajali walikuwa wamempandisha mkubwa mmoja wa ofisini aonje anga. Mafundi hawaruhusiwi kuigusa. Wa kuirudisha ni yule atakayeketi pale, na imo katika orodha anayoisoma kwa sauti kabla ya kuruka. Mwanangu hakuirudisha. Ndivyo walivyoandika: kosa la kiti cha nyuma.

Wewe na mimi na baba yake tulisema haiwezekani. Huyu ni mtoto aliyekuwa akisoma hata maandishi ya kwenye sabuni, mpaka herufi za mwisho. Ndiyo maana nilikuunga mkono kwenye rufaa. Nilijua moyoni kwamba wamemsingizia kwa kuwa hawezi kujibu.

Jumanne iliyopita waliniita kambini. Chumba kidogo, feni mbovu, meza yenye duara za vikombe. Mkuu wa uchunguzi ni mama wa makamo, mpole, alinivutia kiti mwenyewe. Akasema kwa kuwa tumekata rufaa nina haki ya kusikiliza sauti zilizonaswa ndegeni. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Sauti yake, mdogo wangu. Alikuwa na mafua kidogo. Anasoma orodha, na mwenzake, yule wanayemwita Mrefu, anaitikia.

"Mikanda."

"Tayari."

"Hewa."

"Tayari. Ngoja kwanza, ndugu. Nimekuona ngazini. Hizo soksi nyekundu umemwibia nani?"

"Mama kanifumia. Na ukizicheka utaruka peke yako."

"Sicheki. Mwambie mama na mimi miguu yangu ina baridi."

Wakacheka wote wawili. Kisha mwanangu akasema, "Haya, tulikuwa wapi? Rada."

"Tayari."

Mama yule akasimamisha sauti, akanisogezea karatasi ya orodha. Kati ya hewa na rada kuna mstari mmoja. Swichi ya mpini. Hauitikiwi na wa mbele kwa sababu swichi yenyewe haioni. Ni wa msomaji mwenyewe, autazame, auseme, aendelee. Aliuruka.

Soksi nilizifuma mimi. Nilizituma kwa mkono wa yule binti wa duka la dawa.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Injini ilipokufa Mrefu alikuwa akipigana kuinyoosha ndege, akiamini itakubali. Mwanangu akamwambia watoke. Halafu, "Swichi yangu iko chini. Nikivuta nakuacha. Mkono haufiki, ndege inanibana kitini. Vuta wewe." Akarudia, "Vuta wewe, ndugu yangu, vuta." Hakupiga kelele. Angeweza kuvuta wake akatoka salama, mama yule alinionyesha kwenye saa ya kinasa sauti. Mrefu alipovuta ndege ilikuwa imelala ubavu. Mwanangu akatangulia, akarushwa upande wa ardhi. Nusu sekunde baadaye ilikuwa imeinuka kidogo, Mrefu akarushwa juu.

Nikauliza, basi si aandikwe kwamba alibaki kwa ajili ya mwenzake? Mama yule akasema hilo limo, ukurasa wa nne. Ila kosa nalo linabaki, kwa sababu ni la kweli. Nikamrudishia karatasi yake.

Alhamisi Mrefu alikuja hapa akitembelea fimbo. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu wa kudaiwa. Akaniambia, "Mama, mimi ndiye niliyemkatiza. Nimewaambia waniandike mimi, wamekataa. Wanasema anayesoma orodha ndiye mwenye dhamana, hata akikatizwa." Nilimpa chai. Hakuinywa. Nilitaka kumchukia, nikashindwa hata hilo.

Shemeji yako alikuwa akisubiri jibu tangu Jumanne. Kila nikipita alikuwa akigeuza shingo. Ijumaa nikamwambia kwamba nimesikiliza, na ni kweli, mtoto aliruka mstari. Akasema, "Basi alikosea." Kisha akaomba nimfungie dirisha. Habari ya soksi sikumwambia, na nakuomba isifike kwake.

Kwa hiyo rufaa nimeiondoa. Nilitia sahihi jana. Najua utaudhika, maana umehangaika na wanasheria huko ugenini, lakini usiwaandikie tena. Hakuna wa kushindana naye. Nilikuwa nikiamka asubuhi kwa sababu ya ile rufaa, sasa naamka kwa mazoea tu.

Nisalimie wifi yangu, na mama mkwe wako, na wanao wote, hasa yule wa mto. Shemeji yako anakusalimu. Fundi cherehani naye anakuulizia.

Mungu akulinde katika kazi yako, na kila mnachokianza mkimalize salama. Ukiandika, niandikie habari za watoto na hali ya hewa. Usinitafutie neno la kunifariji juu ya ule mstari. Nimelitafuta mwenyewe usiku na mchana, halipo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.