Mshono Ubavuni mwa Hema

Jumanne

Kilo moja na robo tu! Nililiinua hema lile pale soko la Owino kwa vidole viwili nikasahau mengine yote. Jingine la rangi ya chungwa lilikuwa zima, lakini zito, na Mlima Elgon naupanda peke yangu, kila kitu mgongoni.

Muuza mitumba hakunificha ule mshono mrefu ubavuni. "Imeshonwa vizuri, nyabo." Nikanunua.

Jioni nimelisimamisha uani. Afande Okello, mlinzi wetu aliyewahi kuwa mwanajeshi, akachuchumaa akaupapasa mshono.

"Ona uzi ya kitambaa, hapa ilipokatwa, inaangalia nje," akasema. "Huyu mtu alikata na kisu akiwa ndani. Alikuwa anakimbia."

"Labda zipu ya mlango ilikwama."

Akaenda kufunga geti.

Nimekasirika kweli. Ijumaa nasafiri, likizo yenyewe ni hiyo tu, halafu mtu anakuja kunitia hofu! Nimejifungia ndani ya hema, nikafungua zipu, nikafunga, nikafungua tena. Mara ishirini, nikiiombea ikwame.

Haijakwama hata mara moja.

Sasa pale mlangoni palikuwa na nini?