Straiki sita za Furaha

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua imepita kidogo hapa mtaani Mutakura, joto limebaki lile lile. Nina wivu, na leo siupi jina jingine.

Furaha alihamia mtaa wa Gasenyi, hapa hapa mjini, mwaka jana kutoka Uvira. Alikuwa hajawahi kushika mpira wa besiboli. Mimi nina mwaka wa nne nikirusha. Sasa klabu nzima inausifu mkono wake, hata mdakaji, ambaye mimi ndiye niliyemleta mazoezini!

Kocha hachagui mrushaji wa mechi kwa macho. Anaangalia daftari: katika mipira hamsini, straiki ngapi. Straiki ni mpira uliopita pale mpigaji anapoweza kuupiga, au wowote alioufuata akaukosa, hata uwe wa ovyo. Mwingine ni boli. Mwamuzi wa mazoezi hatuna, kwa hiyo tunaandikiana. Mimi namwandikia Furaha, yeye ananiandikia mimi.

Leo mara sita Furaha alirusha nje kabisa, wapigaji wakadanganyika, wakapiga hewa.

Niliandika boli. Zote sita.

Nilijiambia huo ni ujinga wa wapigaji, si ustadi wake. Lakini sheria naijua vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha Furaha kuandika.

Kocha akahesabu: Furaha ishirini na nane, mimi thelathini na moja. Kesho narusha mimi.

Furaha alinishika mkono akicheka. "Dada Aline, we uko na mukono ya kweli. Mi ningali najifunza."

Mungu anisamehe, niliona raha.

Nilipofika nyumbani nikafungua daftari langu, ukurasa alioniandikia Furaha. Na mimi nilirusha ovyo mara nne, wapigaji wakapiga hewa. Zote nne ameniwekea straiki, kama sheria inavyosema. Nikaziondoa, nijipime kwa kipimo nilichompimia yeye. Nikabaki na ishirini na saba.

Kwa sheria ananishinda, thelathini na nne kwa thelathini na moja. Kwa udanganyifu wangu pia ananishinda.

Nimelia, tena kwa hasira, si kwa toba.

Sasa hivi nimempigia kocha, nikaogopa, nikakata kabla hajapokea. Nilisahau jambo moja: mjini hapa ukikata hivyo, mtu anajua umembipu, huna salio, anakupigia yeye.

Simu inalia. Ni kocha.

Wivu bado ninao. Napokea.